Kununua mziki wa maana wa nyumbani ukiwa Mwanza: anza na sebule na umeme, spika zifuate

Kuna jamaa yangu anakaa Nyasaka aliagiza spika mbili za Uingereza, zile za kusimama chini zinazokufika karibu na kifua, siku anazifungua tukaenda wote sebuleni kwake. Besi ikawa inavuma kama lori la mchanga linapanda mlima na mwimbaji husikii anasema nini. Akajua kapigwa, kauziwa feki. Kumbe wala. Wiki iliyofuata tukazibeba zilezile na ampli ileile mpaka kwa shemeji yake Isamilo, sebule ndefu, zulia zito, makochi ya kitambaa, mapazia mpaka chini, ukuta mmoja wote kabati la vitabu. Tulikaa mpaka saa tano usiku na hakuna aliyetaka kuondoka.

Toka siku ile mtu akiniuliza achukue spika gani, namuuliza kwanza sebule yake ina mita ngapi na umeme wake ukoje. Naandika hapa kila ninachojua, kwa sababu naona watu wanatoa hela nyingi, hela ya kiwanja kabisa, halafu wanaishia kuwa na kitu kinachozidiwa na redio ya bibi. Na nikisema mziki wa maana sisemei sabufa za kwenye mashelfu za boksi moja na vispika vyake, nasemea ule wa kukaa chini na kusikiliza, unasikia mpiga gitaa anavuta waya upande wa kushoto na mwimbaji yuko katikati kama amesimama mbele yako.

Hatua ya kwanza ni futi kamba, wala sio duka. Pima urefu, upana na kimo cha dari. Kisha chukua namba 172 ugawe kwa kila kipimo cha mita, jibu ni ile noti ya besi ambayo chumba chako kitaivimbisha (sauti kwa joto la kwetu inakimbia kama mita 345 kwa sekunde, ndo nusu yake hiyo). Mita 5 inakupa kama 34 Hz (mitetemo 34 kwa sekunde), mita 4 inakupa 43, dari la mita 3 linakupa 57. Sasa ukiwa na chumba cha mraba, 4 kwa 4, urefu na upana vyote vinadunda palepale kwenye 43, unapata noti moja inayofunika kila kitu. Ndo ilikuwa shida ya Nyasaka.

Na kuna jambo la nyumba zetu ambalo ukisoma maandishi ya Wamarekani hulioni. Kule nyumba nyingi ni fremu za mbao na ubao wa jipsamu, besi inapenya inatoka nje, nyingine inamezwa na ukuta wenyewe. Sisi kuta ni tofali za sementi na plasta, chini tailizi, na wengine wamejenga juu ya jiwe lenyewe, besi haina pa kwenda inabaki ndani inazunguka. Kwahiyo ukisoma mtu wa kule anasema spika fulani ina besi ndogo, wewe kwako inaweza ikawa inatosha kabisa, na ile anayoisifia kwamba ina besi nzito kwako itakuwa balaa. Hili peke yake lingeokoa hela za watu wengi sana.

Halafu simama katikati piga kofi moja kali. Ukisikia mlio kama wa waya unaotetemeka unakimbia ukutani, jua twita (vile vispika vidogo vya sauti za juu) zitakuchoma masikio. Dawa yake ni vitu laini: zulia nene kati yako na spika, mapazia mazito, makochi ya kitambaa badala ya ya ngozi, kabati la vitabu lisilopangwa kwa usawa. Mtu akikwambia bandika trei za mayai ukutani, muache, zinagusa kidogo tu sauti za juu. Kanga iliyotundikwa nayo vilevile. Kitu cha kumeza sauti lazima kiwe na unene, angalau sentimita 10 za sufi ya mwamba au sponji nzito, na hata hapo besi ya chini kabisa inabaki. Besi unaishughulikia kwa kuchagua spika ya ukubwa unaofaa na kwa mahali unapoiweka. Mimi chumba chini ya mita za mraba 16 namwambia mtu achukue spika za kuweka kwenye stendi, asiangalie kubwa kabisa.

Hatua ya pili ni masikio, na hapa sina mzaha. Kama hujawahi kukaa karibu na ngoma ya kweli huwezi kujua spika inadanganya wapi. Nenda Bujora pale Kisesa siku wanacheza, kaa mita tano kutoka kwenye ngoma, sikiliza ngozi inavyopigwa: kuna ule mpigo wa mkono au fimbo kwanza, mkavu, halafu ndo mwili wa ngoma unafuata na unakata. Spika mbovu inakupa ule mvumo tu, mpigo haupo. Au nenda kwenye mazoezi ya kwaya kanisani, ambapo hakuna maiki, usikilize sauti ya pili na ya tatu zinavyotengana. Hicho ndo kipimo chako, kibebe kichwani unapoenda dukani.

Kisha tengeneza orodha ya nyimbo nane hadi kumi unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji. Weka dansi la zamani lenye gitaa la solo, rithimu na besi, uone kama unazifuata zote tatu bila kujilazimisha. Weka taarabu yenye fidla nyingi. Weka kwaya. Weka singeli moja pia hata kama huipendi, ile kasi yake inaonyesha haraka sana wufa (ile spika kubwa ya besi) inayochelewa. Hakikisha ni faili nzuri, usichukue ile uliyorushiwa whatsapp imebanwa mara nne.

Sasa spika. Nusu ya bajeti yako nzima iende hapa, robo ampli, na robo inayobaki igawanywe kati ya chombo cha kuchezea, umeme, stendi na zulia. Watu wengi wanageuza, ampli la kutisha spika za huruma.

Kwenye karatasi ya spika angalia namba chache tu. Kwanza isahau PMPO, zile wati za matangazo, ile elfu kumi elfu ishirini iliyoandikwa kwenye boksi haina maana yoyote, haina hata kanuni moja ya kuipima. Tafuta RMS, wati za kweli zinazobebwa mfululizo. Halafu tafuta sensitiviti, inaandikwa kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), ni sauti inayotoka ukiipa spika wati 1 ukaisikiliza mita 1. KEF LS50, spika ndogo iliyotoka 2012 kwa miaka 50 ya kampuni, inaandikwa 85. Spika za pembe za Klipsch zile kubwa za kukaa konani zinapita 100. Tofauti ya desibeli 15 inaonekana ndogo lakini maana yake hiyo ndogo inahitaji umeme mara 30 kutoa sauti ileile. Hii haimaanishi ndogo ni mbaya, LS50 ni spika nzuri sana, inamaanisha ujue unaifunga na ampli gani.

Namba nyingine ni omu, kiasi spika inavyouzuia umeme. 8 ni rahisi kuendesha, 4 inataka ampli yenye nguvu ya kweli. Ila omu inapanda na kushuka kulingana na noti, kwahiyo soma ile ya chini kabisa, hiyohiyo LS50 imeandikwa 8 lakini inashuka mpaka 3.2. Hapo ampli za bei chee zinachemka na kuzima.

Kitu cha maana kuliko namba zote ni grafu. Kuna mwanasayansi anaitwa Floyd Toole, alifanya utafiti kwenye baraza la utafiti la Kanada miaka ya 1980, akawaweka watu wasikilize spika nyuma ya pazia bila kuona jina wala bei. Watu wakawa wanakubaliana kwa kiasi kikubwa: walipenda spika ambayo mstari wake wa grafu umenyooka, haina noti inayochomoza wala inayozama, na ambayo hata ukisikiliza kwa pembeni sauti inabaki na sura ileile. Kwahiyo kabla hujapenda jina la kampuni tafuta grafu ya hiyo modeli iliyopimwa na mtu asiyeiuza. Gazeti la Stereophile la Marekani, lililoanza 1962, linaweka vipimo vya maabara chini ya maoni ya mwandishi, na mara nyingine mwandishi kasifia na vipimo vinaonyesha shida ambayo hakuitaja. Soma vyote viwili. Mtu akiandika tu kwamba sauti ni tamu kama asali bila kusema chumba chake kina ukubwa gani na alifunga na ampli gani, pita.

Angalia pia ule mkunjo unaozunguka wufa. Wa raba unadumu. Wa sponji unaoza, miaka kumi hadi ishirini unaanza kumeguka mkononi, na huku kwetu unyevu wa ziwa hauusaidii.

Ampli tulifanyie hesabu kidogo. Tuseme spika yako ni desibeli 87 na unakaa mita 3. Kwa umbali huo ndani ya chumba unapoteza kama 6 au 7, spika ya pili inakurudishia kama 3, kwahiyo kwa wati 1 kila upande unapata kama 83. Ngoma inapopigwa kwa nguvu unataka ifike 100. Pengo ni 17, na kila desibeli 3 inataka wati mara mbili, ukipiga hesabu unapata kama wati 50. Spika ya desibeli 90 ingetaka 25 tu. Umeona, huhitaji wati 500 kwenye sebule ya Buzuruga. Unahitaji wati 50 hadi 100 za kweli zilizopimwa kwa chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, kwa sauti zote 20 Hz mpaka 20,000 Hz. Wakiandika wati kwa 1,000 Hz peke yake au chaneli moja peke yake, punguza kichwani. Yamaha, Denon, Marantz, NAD na Rotel wote wana ampli za stereo za kiwango hiki ambazo mtu wa kawaida hatahitaji kitu kingine maishani.

Ampli zina aina za saketi zinazoitwa klasi. Za klasi D ni nyepesi na hazichemki, kwa joto letu nazipenda. Za klasi AB zinataka hewa, ziachie sentimita 10 juu, usizifungie kwenye kabati la tv. Na weka wavu mwembamba nyuma ya kabati maana mende wanafuata joto na wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata taa, nimeona ampli imefunguliwa ndani kama shamba.

Chombo cha kuchezea hakina makuu. CD ilitoka 1982 na kiwango chake, biti 16 kwa 44.1 kHz, bado kinafunika kila anachosikia binadamu, usikubali kuuziwa kwamba lazima upate faili za kiwango cha juu zaidi. DAC (kifaa kinachogeuza faili la dijitali kuwa sauti) ya kawaida nzuri inatosha, ampli nyingi za sasa zinayo ndani. Ila jua bando lako: mziki wa 320 kbps unakula kama MB 144 kwa saa, wa kiwango cha CD usiobanwa ni MB 635 kwa saa, ukibanwa kwa FLAC (kubana kusikopoteza sauti) unakuwa kama nusu au zaidi kidogo. Mimi napakua usiku naweka kwenye diski, sitegemei mtandao wakati nataka kusikiliza.

Sasa nakuja kwenye umeme, na hapa naomba usome taratibu.

Umeme wetu ni volti 230, 50 Hz. Vyombo vya Japani ni volti 100, vya Marekani 120. Mitumba ya Japani ni mizuri sana, ampli za miaka ya 70 na 80 zimejengwa kama gari, lakini nilinunua moja nikaambiwa we chomeka tu imeshabadilishwa. Haikuwa imebadilishwa. Ilitoa moshi kabla hata taa haijatulia, transfoma kwisha, na muuzaji simu hapokei tena. Kwahiyo geuza chombo soma kibandiko cha nyuma mwenyewe. Kama kimeandikwa 100 V, nunua transfoma ya kushusha yenye uwezo angalau mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa nyuma, na iandike kwa herufi kubwa kwenye plagi ili mtoto au mgeni asiichomeke ukutani. Mashine za santuri za zamani zenye mota inayofuata mzunguko wa umeme, ya 60 Hz ukiileta kwenye 50 itazunguka polepole hata ukishusha volti, transfoma haibadilishi hiyo.

Halafu kuna radi. Ziwa Viktoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Usiku nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, upepo kutoka pwani zote unaelekea ziwani unakutana katikati unapanda juu, ndo yale mawingu na ile mvua ya alfajiri unayoijua. Sasa hakuna kifaa cha elfu hamsini kitakachozuia radi iliyopiga nguzo ya jirani. Ukiona linatanda, chomoa. Chomoa plagi, na chomoa pia waya wa dishi la king'amuzi na waya wa intaneti kama vimeunganishwa na ampli, maana watu wanachomoa umeme wanasahau dishi na radi inaingilia huko.

Kwa yale mengine, umeme kushuka na kurudi kwa kishindo, weka kitu cha kuchelewesha umeme kama kile cha friji, kinakata volti zikizidi au zikipungua na kinasubiri dakika chache kabla ya kuwasha. Stabilaiza nzuri ni ya uwezo mkubwa, ndogo inabana ampli wakati wa besi. Na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Kama nyumba yako iko juu ya mawe, Capri Point, Bugando, Igogo juu huko, kumbuka jiwe la graniti halipitishi umeme vizuri, ile nondo fundi aliyoichomeka pembeni ya msingi inaweza ikawa haifanyi kazi yoyote. Mwambie fundi aje na kipimo akupimie omu za ethi mbele yako. Ethi mbovu ndo pia chanzo cha ule mlio wa "mmmm" kwenye spika unaowafanya watu wabadilishe kebo bure.

Kebo zenyewe: waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kufungia soketi za nyumba, unatosha kabisa kwa mita tano. Kwangua kidogo, kama ndani ni mweupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha. Hela iliyobaki weka kwenye zulia.

Ukishajua unachotaka ndo uende kusikiliza. Mjini maduka mengi hayana chumba cha kusikilizia, spika ziko juu ya shelfu na barabarani bodaboda zinapiga honi, kwahiyo nenda asubuhi mapema na uombe zishushwe chini. Zima luudinesi (kitufe cha kukuza besi na trebo), rudisha besi na trebo katikati. Ukilinganisha spika mbili hakikisha sauti ni sawa, tumia apu ya simu ya kupima desibeli, kwa sababu inayopiga juu kidogo tu masikio yataipenda, hata kama tofauti ni desibeli 1, na wauzaji wanalijua hili vizuri. Sikiliza nusu saa. Spika inayokushtua dakika mbili za kwanza kwa trebo kali ndo itakayokuchosha nyumbani. Kama modeli unayoitaka haipo Mwanza, tafuta mtu anayeimiliki, wapenzi wa mziki hawana choyo, mpelekee hata sato mmoja utasikiliza mpaka ushibe.

Ukiagiza nje piga hesabu yote kabla hujatuma hela: bei, usafiri, ushuru wa forodha, halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya hivyo vyote. Spika kubwa inalipiwa nafasi inayochukua pamoja na kilo. Ikija na basi kutoka Dar, boksi la kiwanda lisimame wima na usiliache chini ya magunia. Na uliza mapema nani atatengeneza ikiharibika, kama fundi wa karibu anayeijua yuko Kariakoo basi hiyo nauli nayo ni bei.

Ukinunua mtumba nenda na multimita, spika ya omu 8 iliyo nzima inasoma kama 5.5 hadi 7. Sukuma wufa taratibu kwa vidole vyote kwa usawa, ukisikia mkwaruzo koili imeungua. Washa ampli bila mziki, weka sikio kwenye twita, zungusha kitufe cha sauti, kukwaruza kidogo kunasafishika ila upande mmoja kukatika ni jambo lingine.

Nyumbani, spika na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa, twita zikae kimo cha masikio ukiwa umekaa, spika zitoke ukutani angalau sentimita 50. Usikae umegandia ukuta wa nyuma, besi inajaa pale. Ukiwa na sabufa ya kuongezea, iweke juu ya kochi pale unapokaaga, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu tambaa chini kuzunguka chumba. Pale utakaposikia kila noti sawasawa ndo mahali pa kuiweka. Watoto watacheka, tambaa tu.

Yule jamaa wa Nyasaka zile kubwa alimuuzia shemeji yake, bado ziko Isamilo. Yeye akachukua ndogo za stendi na ampli la wati 60, kochi akalisogeza sentimita 70 mbele, na mke wake nyumbani akakubali zulia baada ya kusikia kwaya ya kanisani kwao aliyoirekodi mwenyewe, akaenda kukaa katikati akasema huyu wa kushoto ni mimi.